Rimma Alivyolitaja Bonde Lake

Kwetu Tikhaya Guba, mji wa nyambizi kaskazini kabisa mwa Urusi, mtu akikuuliza mshahara wako utamwambia, ingawa miaka ile hakukuwa na mshahara wa kuambiana. Akikuuliza kama mumeo anakupiga, utamwambia, na jirani atakusaidia kumalizia. Lakini akikuuliza, "Uyoga mzuri hivi umeuokota wapi?" hapo utamdanganya. Naye anajua unamdanganya, na kesho ukimuuliza yeye atakudanganya vilevile, na hakuna anayekwenda kanisani kuungama dhambi hiyo. Mahali pa uyoga hapasemwi. Mama humtajia binti yake akiwa tayari kitandani na padri yuko mlangoni, na wapo waliokata roho ghafla wakaondoka napo.

Katika uongo huo Rimma Arkhipovna Kolodina hakuwa na mpinzani. Akitoka kaskazini, anasema katoka kusini. Ukimfuata kwa nyuma, anakuzungusha kwenye matope mpaka viatu vinakutoka, kisha anageuka na kukuuliza kwa huruma, "Umepotea, mpenzi?" Kulikuwa na jirani yake, Faina, aliyewahi kujificha kwenye kichaka asubuhi nzima ili amwone anapita wapi. Rimma akapita, akasimama mbele ya kichaka kile, akakiambia kichaka, "Faina, jikoni kwako kunatoka moshi." Faina akakurupuka kukimbilia nyumbani. Hakukuwa na moshi, na Rimma akawa kishatoweka.

Mahali pake palikuwa bonde linaloitwa Mkia wa Mbweha, nyuma ya gati ya tisa, pale miti myeupe ya beryoza inapoota mifupi kwa sababu ya baridi. Alirithishwa na mama mkwe wake, ajuza mmoja mwenye choyo aliyemtajia huku analia. Hata binti yake mwenyewe, Inga, Rimma hakuwa amempeleka. "Nikifa," alikuwa akimwambia.

"Basi kufa, mama," Inga alikuwa akijibu, na wote wawili wanacheka.

Kazi ya Rimma ilikuwa kufua. Si kufua shuka za hospitali. Alifua ovaroli za wanaume waliohudumia nyambizi, wale walioshika taka za nyuklia kwa mikono yenye glavu. Mlangoni mwa chumba cha kufulia kulikuwa na kipima mionzi kilichofungwa ukutani kwa boliti. Wafuaji walikiita Mbwa. Nguo ikiwa safi, Mbwa ananung'unika tu. Ikiwa chafu anabweka, na hapo inafuliwa tena, na tena, na Mbwa asipotulia inakwenda kuzikwa.

Mwaka ule njaa ilipiga hodi mlango hadi mlango. Serikali ya zamani ilikuwa imekufa, mpya ilikuwa bado inatafuta viatu vyake, na mishahara ya jeshi ilikuwa hadithi. Gleb, mume wa Inga, alikuwa fundi kwenye nyambizi inayoweza kuifuta nchi nzima kwenye ramani, na nyumbani mtoto wake Lyusya alikunywa chai bila sukari. Watu waliishi kwa viazi, samaki na uyoga. Ule wa kiangazi ulikaangwa, wa vuli ukatiwa chumvi na majani ya shibiti, na majira ya baridi yote, kule ambako jua halichomozi kabisa, mtu anakula kile alichokiokota Septemba. Mwenye njaa hana miiko.

Siku moja mwishoni mwa Agosti dereva wa lori, mzee Fedot, alileta mzigo wa ovaroli zenye tope hadi mapajani. Rimma alipoingiza ya kwanza mlangoni, Mbwa hakubweka. Alilia kwa mlio mmoja mrefu usiokatika. Rimma akaitupa chini.

"Mmeitoa wapi hii, Fedot? Kuzimu?"

"Afadhali kuzimu, kule kuna joto," akasema Fedot, akiwasha sigara. "Bohari imejaa tangu mwaka juzi, hawana pa kuweka mapipa. Wamekuwa wakiyashusha kule bondeni nyuma ya gati ya tisa, juu kabisa, ndani ya seng'enge. Sasa yameanza kupasuka, vijana wametumwa kuyaziba. Kuyaziba na nini? Na mbao! Na wewe sijakwambia kitu."

Rimma aliinama akaitazama ile ovaroli. Kwenye pindo la suruali kulikuwa na kuvu ya kijivu na jani dogo la beryoza, na chini ya jani, kimepondeka, kikofia cha uyoga.

Tangu mwaka juzi. Maana yake alikuwa amekula huo uyoga misimu miwili. Maana yake alikuwa amemlisha Lyusya, mwenye miaka mitano, anayependa kunywa hata ule mchuzi wa chumvi unaobaki chini ya chupa. Rimma alikaa juu ya kirundo cha nguo safi, na Fedot akadhani ni presha.

Siku ileile alikwenda kwa mkuu wa usalama wa mionzi, afisa mmoja mnene aliyeitwa Zavyalov, mtu wa kunukia manukato hata kwenye dhiki. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga dirisha.

"Hakuna mapipa, Rimma Arkhipovna."

"Nimefua nguo zao, bwana mkubwa."

"Hakuna mapipa," akarudia, sauti ya upole kabisa. "Na mahali yalipo ni siri ya serikali. Umeelewa?"

Hakuelewa, na wewe usijisumbue. Alirudi nyumbani, akazitoa chupa zake zote za uyoga, akazipeleka kazini na kuzitia kwenye mfuko wa nguo za kuzikwa. Inga alipokuja na kuikuta kabati tupu, alishika kiuno.

"Umeuza, mama? Mjini? Bila hata kutubakishia?"

"Umeoza kwa mionzi. Msile uyoga wa karibu na gati ya tisa. Wewe, Gleb, mtoto, msile kabisa."

"Sawa, mama," akasema Inga, kwa ile sauti anayomjibia mlevi.

Rimma akaona kusema kwa mdomo hakutoshi, na watu wengine huenda wakajikwaa kwenye bonde lile. Akachukua ubao, akaandika kwa rangi nyekundu: SUMU. USIOKOTE UYOGA HAPA. Akaenda akaupigilia misumari kwenye mti, kwenye mlango wa bonde, mchana kweupe, kila apitaye amwone.

Loo, hapo ndipo alipokosea! Mtu mwingine popote duniani akiona ubao wa sumu hukimbia. Sisi tuliona mwandiko wa Rimma Kolodina. Miaka thelathini mji mzima ulikuwa ukijiuliza mahali pake ni wapi, na sasa kapaandika mwenyewe kwa herufi za mkono mzima! Kabla jua halijageuka habari ilikuwa imefika kwenye foleni ya mkate. "Kumbe ni Mkia wa Mbweha!" "Amezeeka, hawezi tena kutuzungusha, sasa anatutisha kwa vibao!" Kesho yake walikwenda na ndoo, na mabeseni, na gari la mtoto. Faina alikwenda na wajukuu wote. Rimma alipofika mbio alikuta bonde limejaa migongo iliyoinama, na watu wanaimba.

"Acheni!" alipiga kelele. "Jamani, acheni! Kuna mapipa ya taka hapo juu! Mtakufa!"

"Wewe umekula hapa miaka thelathini, mbona hujafa?" Faina akamjibu bila hata kuinua kichwa. "Au sumu inawatambua wageni?"

Wakacheka mpaka wengine wakashika matumbo. Rimma akaipiga teke ndoo ya Faina, uyoga ukamwagika. Faina akamshika nywele. Waliachanishwa na mwalimu wa shule, naye ndoo yake imejaa. Mwongo mzoefu siku akisema kweli hana shahidi. Rimma alirudi nyumbani na shungi la nywele zake mkononi, akilia kwa hasira, si kwa maumivu. Alijichukia. Kila uongo aliowahi kusema kwa raha ulikuwa umesimama mbele yake umekunja mikono.

Sasa, Jumamosi asubuhi redio ya mkoa ilikuwa na kipindi cha waokota uyoga na wavuvi. Kilisikilizwa na kila jiko. Mtangazaji, mtu wa mzaha aliyejiita Mjomba Luka, alipokea simu, na watu walipiga kumdanganya hewani kuhusu walikookota, naye anawatania. Rimma aliwaza hivi: mdomo wangu hawauamini, lakini redio hawajawahi kuibishia. Akaenda posta, akasubiri zamu ya kibanda cha simu, akaunganishwa.

"Tuna mama kutoka Tikhaya Guba!" Mjomba Luka akachangamka. "Haya mama, tudanganye! Uyoga uko wapi?"

"Uko Mkia wa Mbweha, nyuma ya gati ya tisa. Na usiokotwe. Una sumu."

"Ha! Wote mabonde yao yana sumu, mama. Jana mmoja kaniambia lake lina dubu wawili na bibi harusi aliyekufa."

"Mwanangu, nisikilize. Mimi nafua ovaroli za watu wa nyambizi. Kuna mapipa ya taka za nyuklia yamewekwa bondeni juu ya ardhi, yamepasuka, yanavujia kwenye kijito. Kipima mionzi changu kimelia mpaka kikakauka. Mimi mwenyewe nimemlisha mjukuu wangu. Watu wa Tikhaya Guba, kama mnanisikia, mwageni mlichookota. Faina, mwaga. Nakuomba."

Mjomba Luka akapiga muziki wa akodiani. Jioni redio ya ng'ambo ya mpaka, kwa Wanorwe, ilikuwa imeshayatangaza kwa lugha tatu.

Jumatatu walimchukua kazini akiwa na aproni. Kosa: kutoa siri ya serikali. Walimpeleka mjini, kwenye jengo la manjano lenye mapazia mazuri, wakampa mpelelezi kijana, Kapteni Ozerov, mwenye mikono laini na adabu ya kuudhi. Alimwitia chai. Alimwekea biskuti kwenye sahani. Rimma angependelea kofi.

"Mama Rimma Arkhipovna, mimi sikuoni kama adui," alisema. "Nakuona kama mama yangu mzazi."

"Mama yako unamfunga?"

Ozerov akatabasamu, akaandika kitu.

"Niambie ni sheria gani inasema mapipa ni siri," akasema Rimma. "Nisome mwenyewe. Macho ninayo."

"Lipo agizo. Lakini agizo lenyewe ni siri. Huna kibali cha kulisoma."

"Sasa ningejuaje navunja nini?"

"Hilo ndilo kosa la wengi," akasema Ozerov, na alisema bila mzaha wowote.

Zilipita wiki. Alihojiwa, akarudishwa selo, akahojiwa tena, kila mara kwa chai. Kisha siku moja Ozerov alisogeza kiti karibu, akaongea kama mtu anayekupunguzia bei sokoni.

"Sheria ina huruma, mama. Siri ni jambo la kweli. Uongo hauwezi kuwa siri. Ukiniandikia hapa kwamba ulidanganya, kwamba mapipa uliyabuni ili watu wasiguse uyoga wako, mimi sina kesi. Faini ndogo ya kuzusha hofu, basi, leo jioni uko kwako. Mji mzima wanasema ulifanya hivyo. Majirani wametoa ushahidi. Mkwe wako Gleb ameandika kurasa mbili nzuri sana kuhusu uongo wako. Anakupenda yule kijana."

"Na redio itatangaza nilidanganya?"

"Jumamosi ijayo. Utasoma mwenyewe."

Rimma aliitazama ile karatasi nyeupe, na moyo wake, niseme ukweli, uliruka kuikumbatia. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Selo ilikuwa na unyevu, wenzake walikuwa wakiiba mkate wake, na usingizini alikuwa akimsikia Lyusya akigonga mlango. Kutia sahihi tu. Kusema uongo mmoja zaidi, yeye bingwa wa mji! Aliichukua kalamu, tena akaishika sawasawa.

Ndipo akawaona, akilini mwake, majirani wakirudi bondeni. Watasikia redio, watacheka, watabeba ndoo. Faina mbele. Na safari hii hakuna mtu atakayewaambia wasiokote, maana aliyewaambia kakana kwa sauti yake.

"Nipe nifikirie," akasema, akaiweka kalamu.

Ozerov hakumkasirikia. Alimletea Inga.

Inga aliingia na koti la mumewe, mashavu yamebonyea, akakaa mbele ya mama yake, na Ozerov akajifanya anatazama dirishani.

"Mama, tia sahihi twende nyumbani."

"Wewe unajua nilichokisema ni kweli?"

"Mama."

"Ni kweli, Inga. Nakuapia kwa kaburi la baba yako. Mkia wa Mbweha una mapipa."

"Kila mwaka ni kweli, mama!" Inga akapasuka. "Mwaka jana kulikuwa na nyoka. Mwaka juzi uliniapia kwa hilohilo kaburi la baba kwamba huokoti upande wa gati! Gleb kawauliza wakubwa zake, wamemwambia hakuna pipa hata moja. Umewaaibisha mbele ya Wanorwe, ndiyo maana wamekasirika. Sema samahani! Unataka Gleb afukuzwe? Unataka Lyusya akue bila bibi kwa ajili ya uyoga?"

 Nyoka Rimma alimbuni kweli, na kaburi aliliapia kweli. Alinyoosha mkono kumfuta binti yake machozi, Inga akauepuka.

Usidhani alikataa kwa ushujaa. Wapo wasichana wa mjini walioandika mabango ya kumtetea wakamfanya jemadari; hakuwa jemadari, alikuwa mwanamke aliyeogopa hadi anajikojolea. Alikataa kwa hesabu ya mwokota uyoga. Aliwaza: watu wetu hawaamini kibao, wala mdomo, na redio wameifanyia mzaha. Lakini nikifungwa? Hakuna serikali inayomfunga bibi kizee kwa kudanganya kuhusu uyoga. Wakinifunga watajua. Kifungo changu ndicho kibao watakachokisoma. Na Inga naye, akiona mama yake kaenda jela badala ya kutia sahihi, atajua huo haukuwa uongo wa kawaida. Nani anayekwenda jela kwa uongo wa kawaida?

Akamwambia Ozerov, "Mapipa yapo. Andika hivyo."

Ozerov akashusha pumzi, akaivuta sahani ya biskuti upande wake.

Mahakama ya jeshi ilikaa milango imefungwa. Hata Inga aliwekwa nje kwenye benchi. Wataalamu watatu waliitwa, mmoja wao Zavyalov na manukato yake, wakathibitisha kwa kiapo kwamba mapipa yapo pale pale mshtakiwa aliposema, kwamba yanavuja kama alivyosema, na kwamba kwa hiyo amesema siri. Rimma alisimama kwenye kizimba akamsikia mtu yuleyule aliyemwambia hakuna mapipa akiyahesabu moja baada ya jingine. Akatamani kucheka. Wakili aliyepewa aliomba ushahidi huo usomwe hadharani mjini Tikhaya Guba, kwa usalama wa wakazi. Hakimu akamwonya wakili kwamba na yeye anakaribia kufanya kosa.

Miaka minne. Na kabla ya kutolewa mle ndani alisainishwa kwamba akitamka tena jambo lolote la kesi hii, kwa mtu yeyote, ndugu au mgeni, atafunguliwa kesi nyingine. Mapipa yakabaki bondeni, kwa kuwa kuyaondoa kungekuwa kukiri mbele ya watu wasio na kibali kwamba yapo.

Lakini hesabu ya Rimma ilitoka sawa! Hukumu ilipofika kwenye foleni ya mkate, watu waliulizana. "Miaka minne?" "Minne." "Hafungwi mtu miaka minne kwa uyoga." Faina alikwenda nyumbani bila mkate, akazibeba chupa zake zote, akazimwaga jalalani mbele za watu, akakaa chini pale pale akawaita wajukuu wake mmoja mmoja kuwatazama ndimi na kucha. Mwalimu wa shule naye akamwaga. Msimu uliofuata hakuna aliyesogea Mkia wa Mbweha. Kibao kilikuwa kimeng'olewa na jeshi, lakini hakikuhitajika tena.

Habari hiyo ilimfikia Rimma gerezani, mbali kusini, alikokuwa akishona glavu za wajenzi. Aliletewa na mfungwa mpya kutoka pwani ile. Siku hiyo alishona akiimba, wenzake wakadhani amepata msamaha. Meno mawili yalikuwa yamemtoka na kifua kilikuwa kinakoroma, ila alilala usingizi wa mtu aliyelipwa.

Inga aliruhusiwa kuja kumwona mwishoni mwa Septemba ya msimu huohuo. Kulikuwa na meza ndefu, na mwishoni mwa meza mlinzi wa kike, mwanamke mwenye kope zilizovimba, aliyesoma masharti kwa haraka: kutogusana, kutopeana vitu, kesi haizungumzwi. Inga aliingia akitabasamu. Mashavu yake yalikuwa yamerudi. Alikuwa na koti lake mwenyewe, jipya.

"Umenenepa!" Rimma akasema, na machozi yakamtoka kwa furaha. "Gleb kalipwa?"

"Akalipwe na nani? Mama, umekonda jamani, hawakulishi? Lyusya anakusalimu. Amekuwa mrefu, anakula kama panya ghalani." Inga akamtazama mlinzi kwa jicho la pembeni, akainama mbele. "Mama, naomba unisamehe. Nilikukosea adabu kule kwa yule kapteni. Nilikuwa mjinga, sikuwa nimeiona akili yako."

"Yamekwisha, mwanangu. Muhimu umenielewa."

"Nimekuelewa! Gleb ndiye aliyefunguka macho kwanza. Alisema, 'Mama mkwe wangu ni fundi, hakuna mfano wake. Amekubali jela ili bonde libaki letu.' Mimi nikamwambia haiwezekani. Akaniambia, 'Unamjua mama yako au humjui?'" Inga akacheka, akajiziba mdomo. "Basi tukaenda. Mama, bonde zima tupu! Hakuna hata alama ya mguu. Huo uyoga! Vikofia kama sahani. Mwaka huu wote tumekula, tumetia chumvi, na mwingine nimeupeleka sokoni, ndiyo hili koti. Faina ananunua kila Jumamosi, anachagua mmojammoja, ananiuliza, 'Inga, kweli haujatoka kule?' Namwambia umetoka ziwani, upande wa reli. Naapa kwa kaburi la baba." Akanyoosha mkono juu ya meza, akakumbuka masharti, akaurudisha. "Si ndivyo ulivyonilea? Mahali hapasemwi."

Rimma aliinama juu ya meza.

"Usimpe," akasema. "Usimpe Lyusya. Inga, mapipa, ni kweli, yanavuja, Zavyalov mwenyewe aliapa, mahakamani aliapa..."

"Kesi haizungumzwi!" mlinzi akapaza sauti, kiti chake kikaburuzika.

"...aliyahesabu! Mwagieni mbali! Mwambie Faina, mwambie kila mtu! Unamuua mtoto! Inga!"

"Mfungwa Kolodina, simama!"

Walinzi wawili waliingia. Mmoja alimshika Rimma mkono akaupindisha mgongoni, mwingine akambana kinywa kwa kiganja, na yeye akakiuma, akapigwa ngumi ya mbavu mbele ya binti yake. Inga aliruka nyuma, mikono kifuani. Alikuwa amepauka. Kisha uso wake ukabadilika polepole, kwanza aibu, halafu uchungu wa mtoto aliyenyimwa.

"Hata huku, mama?" akasema. "Hata sisi? Mjukuu wako mwenyewe unamwonea choyo?"

Rimma alitikisa kichwa kwa nguvu zake zote ndani ya mikono ya wale watu, macho yamemtoka. Wakamburuta kuelekea mlango wa chuma. Kesi ya pili waliifungua wiki hiyohiyo, na kutembelewa akakatazwa mpaka kifungo kiishe.

Inga alisimama peke yake kwenye meza ile ndefu, akajipangusa pua kwa mkono wa koti jipya. Ni mtoto mwema, hana kinyongo. Kabla mlango haujafungwa aliita kwa sauti, ili mama yake asiondoke na moyo mzito.

"Usijali, mama! Tutakubakishia!"